Vitabu vya Bei Nafuu kwa Shule za Kegonga: Nani Alipe, Nani Achague

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Kegonga



Kamati imetupa kazi ya kusema mbele yenu juu ya jambo moja tu katika mambo mengi ya Chama, nalo ni jambo la vitabu. Mwajua kwamba pamekuwa na mashauri mawili. Shauri la kwanza limeletwa na ndugu zetu wanaofanya kazi ng'ambo, nao wataka fedha za elimu zitumike kulipia kontena la vitabu vilivyokwisha kutumiwa huko, visafirishwe kwa meli mpaka Mombasa na kutoka Mombasa mpaka hapa. Shauri la pili ni kwamba fedha hizo hizo zitumike kupunguza bei ya vitabu vipya, ambavyo waalimu wetu watavichagua wenyewe katika orodha za wachapishaji wa Afrika Mashariki. Mashauri yote mawili yametoka katika nia njema, wala hatukusimama hapa kumlaumu mtu. Lakini fedha ni zile zile, na hazitoshi kwa njia zote mbili. Hivyo hatuna budi kuchagua, na achaguaye vema ni yule ajuaye kwanza yaliyowapata waliotangulia katika njia hiyo.

Kwanza yafaa tueleze upungufu wenyewe ni upi, maana wengi husema "shule hazina vitabu" bila kupambanua ni vitabu gani. Mwaka 2003, Serikali ilipofuta karo katika shule za msingi, ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na katika hizo shilingi 650 zilikuwa za vitabu na vifaa vya kufundishia. Tangu mwaka 2018 Serikali ilianza kununua yenyewe vitabu vya kiada kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, nayo iliweza kupata bei iliyo chini sana kuliko bei ya dukani, kwa sababu mnunuzi wa mamilioni ya nakala husikilizwa. Kwa hiyo kitabu cha kiada si ndicho kinachotuhangaisha zaidi leo. Kinachokosekana ni kile kitabu cha pili: kitabu cha hadithi, kamusi, atlasi, kitabu cha sayansi kinachosomwa kwa hamu, kitabu cha kilimo ambacho mtoto aweza kukibeba nyumbani akamsomea baba yake.

Upungufu huo wawaumiza watoto wa Kegonga kuliko watoto wa mjini. Mtoto wetu huzungumza Igikuria nyumbani. Kiswahili na Kiingereza huvikuta shuleni, na mitihani yote huandikwa katika lugha hizo. Mtoto wa mjini husikia Kiswahili sokoni na hukisoma katika mabango ya kila duka; mtoto wa kwetu hukipata zaidi katika karatasi, na kama karatasi hizo ni kitabu kimoja cha kiada alichokwisha kukikariri, atajifunzaje? Lugha ya kitabuni hujengwa kwa kusoma kurasa nyingi, tena kurasa zinazopendeza. Na maktaba za watu wote haziko karibu. Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Huduma ya Maktaba ya Taifa mwaka 1965, na matawi yake yalifika Kisumu, Kisii na hata Awendo katika jimbo letu la Migori. Walakini mtoto wa darasa la tano wa Ntimaru hawezi kwenda Awendo kuazima kitabu na kurudi kabla ya jua kutua.

Sasa tutazame waliotangulia, maana shida hii si ngeni wala si yetu peke yetu.

Mwaka 1948, mjini Nairobi, iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Bwana Charles Richards. Idara hiyo ilichapisha vitabu vya bei ndogo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi hizi. Isitoshe, iliyapeleka masanduku ya vitabu mahali pasipokuwa na maktaba, na ikawaazima wasomaji wa mbali vitabu kwa njia ya posta. Jambo la kukumbuka katika kazi yao ni kwamba fedha za kuchapia zilikuwa kama mtaji: kitabu kikiuzwa, fedha zilirudi katika mfuko na kuchapa kitabu kingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Idara ile haikuweza kuendelea kama ilivyokuwa; na hapa Kenya kazi yake ilirithiwa na shirika lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1980, ambalo twalijua kwa jina la Kenya Literature Bureau.

Mwaka huo huo wa 1948, shirika la UNESCO lilianza mpango wa hati za kununulia vitabu. Shule au chuo katika nchi isiyokuwa na fedha za kigeni kiliweza kulipa kwa fedha ya nchi yake, kikapewa hati, na hati hiyo ikapelekwa kwa muuza vitabu wa nchi nyingine ambaye alilipwa na UNESCO kwa fedha anayoitumia yeye. Angalieni vizuri: UNESCO haikumchagulia mtu kitabu. Iliondoa kizuizi kilichokuwa kati ya msomaji na kitabu alichokitaka.

Mwaka 1954, Bibi mmoja wa Kiingereza, Countess of Ranfurly, mkewe Gavana wa visiwa vya Bahamas, alianza kukusanya vitabu kwa ajili ya shule na maktaba za visiwa hivyo. Kutokana na juhudi yake likatokea shirika ambalo tangu mwaka 1994 laitwa Book Aid International, nalo limepeleka vitabu vingi mno katika Afrika, pamoja na nchi yetu. Hapo mwanzo vitabu hivyo vilikuwa vile vilivyokwisha kutumiwa. Baadaye shirika lenyewe liligeuza mwendo wake, likawa linapeleka hasa vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji, na kuwauliza wakutubi wanahitaji nini. Ikiwa watu wenye ujuzi wa miaka mingi kiasi hicho, wenye maghala na wafanyakazi wa kupambanua vitabu, waliona heri kuacha vitabu vikuukuu, je, sisi wa Kegonga tuanze pale walipopaacha wao?

Tena mwanzoni mwa miaka ya 1960 Serikali ya Uingereza ilianza mpango ulioitwa English Language Book Society. Vitabu vya vyuo, vya udaktari, uhandisi, uchumi na sheria, vilichapwa kwa jalada la namna yake na kuuzwa katika Asia na Afrika kwa bei iliyo chini sana kuliko ya London, na tofauti ya bei ikalipwa na Serikali hiyo. Wengi katika waganga na wahandisi wa kwanza wa Afrika Mashariki walisomea vitabu hivyo, na hiyo ni faida isiyokanika. Lakini yako mafunzo mawili machungu. La kwanza, bei nafuu ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza vilivyoandikwa kwao, na mchapishaji wa Nairobi au wa Dar es Salaam asiyepata msaada wa namna hiyo hakuweza kushindana na bei hiyo. La pili, mwaka 1997 mpango ulikomeshwa. Waliouanzisha walikuwa na haki ya kuukomesha, kwa kuwa fedha zilikuwa zao. Na mwanafunzi aliyeuzoea akarudi kutazama bei nzima dukani. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mfano wa mwisho ni wa jirani zetu, nao ndio unaotupendeza kuliko yote. Mwaka 1991 Tanzania ilikuwa na watoto wengi waliojua kusoma na vitabu vichache mno vya kusoma. Hapo ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Mradi huo haukuleta kitabu hata kimoja kwa meli. Ulimwambia mchapishaji wa nchini: leta mswada mzuri wa Kiswahili, tukiukubali, chapa nakala 5,000, na sisi tutanunua 3,000 tuzipeleke katika shule, zile 2,000 zilizobaki ziuze mwenyewe. Kwa njia hii mtoto alipata kitabu cha lugha yake, mwandishi alipata haki yake, mchoraji alipata kazi, na muuza duka alipata bidhaa. Shilingi moja ya msaada ilipita katika mikono minne kabla ya kukoma, na kila mkono ulikuwa wa mtu wa nchini.

Mabibi na Mabwana, labda mtauliza: bei ya kitabu hupunguzwaje bila mtu kupata hasara? Gharama ya kitabu ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hailingani na hesabu ya nakala: kazi ya mwandishi na mhariri, michoro, kupanga herufi. Gharama hiyo ni ile ile ukichapa nakala mia tano au nakala elfu kumi. Sehemu ya pili ni karatasi, wino, kushona na kusafirisha, na hiyo huongezeka kwa kila nakala. Kwa hiyo nakala zikiwa nyingi, ile gharama ya kwanza hugawanyika juu ya vitabu vingi, na bei ya kila kimoja yaweza kushuka. Kadhalika mchapishaji hukubali kupunguza bei kwa mnunuzi wa vitabu vingi kwa pamoja, anayelipa kwa wakati, kuliko kwa wanunuzi kumi wanaokuja mmoja mmoja, kila mmoja akitaka vitabu vitano na akiomba kulipa baada ya mavuno.

Na tutoe mfano wa hesabu, nao ni mfano tu. Tuseme kitabu cha hadithi chauzwa dukani kwa shilingi 400. Shule zetu zikiagiza kwa pamoja, na mchapishaji akakubali kupunguza robo ya bei, kitabu kitakuwa shilingi 300. Chama kikilipa nusu, yaani shilingi 150, shule italipa shilingi 150. Basi kwa shilingi 60,000 za Chama, zikikutana na shilingi 60,000 za shule, vitabu 400 vitaingia darasani. Kama Chama kingekwenda dukani peke yake na shilingi zake 60,000, kingerudi na vitabu 150. Hivyo ndivyo haba na haba inavyojaza kibaba, watu wakikubali kupima kwa kibaba kimoja.

Kuhusu kontena, lazima tuseme wazi kwamba kitabu cha bure kina gharama zake. Kuna nauli ya meli, gharama za bandari, lori la kutoka pwani mpaka Isebania, na njia ya kutoka huko mpaka hapa, ambayo wakati wa masika hamhitaji kuelezwa. Baada ya hayo yote, sanduku likifunguliwa, aliyechagua ni yule aliyekuwa akisafisha kabati lake. Mtaala wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 umekuwa ukiondoka, na mtaala wa umilisi ukaanza kuingia katika madarasa ya chini mwaka 2019. Hata vitabu vya Kenya yenyewe vya miaka michache iliyopita vimepitwa. Itakuwaje basi kwa kitabu kilichotungwa kwa mtoto wa nchi nyingine, kinachomfundisha kuhesabu kwa fedha asizoziona na kusoma habari za theluji? Hatusemi kwamba habari za mbali hazina faida. Zina faida kubwa, na mwalimu akiitaka atlasi ya dunia au kitabu cha nyota, anunuliwe. Tunasema mwalimu ndiye aitake.

Kwa sababu hizo Kamati yaleta mbele yenu utaratibu wenye mambo matano.

La kwanza, fedha za elimu ziwekwe katika Mfuko wa Vitabu, zisichanganywe na fedha za mazishi wala za safari. Ndugu walio ng'ambo, na walio Nairobi, Mombasa na Kisumu, watume fedha katika Mfuko huo badala ya kutuma maboksi.

La pili, waalimu wa kila shule waandike orodha yao. Kwa shule za Serikali, wachague katika vitabu vilivyokubaliwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya. Kwa vitabu vya hadithi vya maktaba yetu, tusisahau kwamba ndugu zetu wa Tarime wako ng'ambo ya mpaka tu, na kwamba Tanzania imefundisha shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Wachapishaji wa Dar es Salaam wana vitabu vizuri vya watoto, na njia ya Sirari si ndefu.

La tatu, maagizo ya shule zote yakusanywe mara moja kwa mwaka, yapitie kwa muuza vitabu wa jimbo letu. Yeye hupata punguzo lake kwa mchapishaji, nasi tutapatana naye atubakizie sehemu kubwa yake. Tukimpita, duka lake litafungwa, na siku Mfuko utakapopungukiwa hatutakuwa na pa kununulia hata daftari.

La nne, sehemu ya bei inayolipwa na shule isitozwe mtoto. Jambo hili twalitilia mkazo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yasema elimu hiyo ni ya bure na ya lazima, wala haifai mtoto kurudishwa nyumbani kwa ajili ya shilingi 150 za kitabu tulichodai kwamba ni cha kumsaidia. Sehemu ya shule itoke katika fedha ambazo Halmashauri yake yaweza kuzitumia kwa haki, au katika changizo la hiari la wazazi na wakulima wakati wa kuuza mahindi na tumbaku. Shule isiyoweza kabisa, Kamati iitazame peke yake, kwa siri na kwa heshima.

La tano ni utunzaji. Kitabu kilichopatikana kwa taabu chaweza kuliwa na mchwa kwa majuma mawili ya likizo. Kila shule itakayopokea vitabu iwe na sanduku la bati au kabati lililoinuliwa kutoka chini na kutengwa na ukuta, daftari la kuazimia, na mwalimu mmoja aliyekabidhiwa kwa jina lake. Lakini utunzaji usigeuke kuwa kifungo. Zipo shule katika nchi hii ambamo vitabu hukaa vipya miaka mitano kwa sababu vimefungiwa ofisini, na mgeni akija huonyeshwa. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Lipo jambo moja lililo nje ya uwezo wetu, lakini si nje ya sauti yetu, nalo ni kodi. Mataifa yalikubaliana mjini Florence mwaka 1950, chini ya UNESCO, kwamba vitabu na vifaa vya elimu visitozwe ushuru wa forodha vikivuka mipaka. Kenya ilijiunga na Mapatano hayo mwaka 1967, na mwaka 1976 Mapatano hayo yaliongezewa nguvu kwa Itifaki iliyopewa jina la mji wetu mkuu, Nairobi. Walakini Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilivitia vitabu katika vitu vya kutozwa asilimia 16. Fikirini: mchapishaji apunguza, Chama chatoa, mzazi auza debe la mahindi, na katika kila shilingi mia ya bei shilingi kumi na sita zinaongezwa juu yake. Kamati yaomba idhini yenu kumwandikia Mbunge wetu na Serikali ya Jimbo barua ya adabu juu ya jambo hili.

Wako watakaosema kwamba maskini hachagui, na kwamba mwenye njaa apewapo chakula haulizi kimepikwa na nani. Twawajibu kwa heshima kwamba sisi si maskini wa namna hiyo. Watu wa nchi hii wamejenga madarasa kwa matofali waliyoyachoma wenyewe, na wameuza ng'ombe ili watoto waende shule. Mtu auzaye ng'ombe ana haki ya kuuliza kitabu kinasema nini. Na ndugu zetu wa ng'ambo wasidhani kwamba tumekataa mkono wao. Tunaomba mkono huo huo, ila uje na fedha, na kalamu ya kuandikia orodha ibaki kwa mwalimu wa Kegonga.

Bwana Mwenyekiti, azimio limekwisha kuandikwa na liko mezani kwako. Twaomba lisomwe kwa sauti, lijadiliwe na kila atakaye kusema, wazee na vijana, akina mama na akina baba, kisha lipigiwe kura kabla ya watu kutawanyika, maana muhula mpya hautungoji, na maagizo ya vitabu hayana budi kufika kwa wachapishaji mapema.